Ampea Tano za Nyumba ya Insaf

Siku daktari alipomruhusu Bahij kurudi nyumbani alimpa masharti mengi, lakini mkewe Insaf alilishika moja tu: moto usiwashwe karibu na mashine ya oksijeni, hata wa njiti ya kiberiti. Walikaa vyumba viwili na jiko lililotengwa kwa pazia, ghorofa ya tatu, mtaa wa Qubba, Tripoli ya Lebanoni, na katika nyumba kama hiyo hakuna kilicho mbali na kingine. Kabla jua halijazama, mtungi wa gesi ulikuwa umehamia roshani pamoja na jiko dogo la kuchemshia kahawa na sufuria. Oveni, ambayo haikuweza kuenea roshani hata kwa dawa, ilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Insaf hakuitazama ikishuka ngazi. Alikuwa na mgonjwa wa kumlaza.

Ukikaa ukalifikiri, jambo hili linaudhi. Bahij alikuwa mwokaji. Tangu utoto wake mpaka mapafu yalipogoma, alisimama mbele ya tanuri la mtaa akioka mikate ya watu na masinia waliyoleta kutoka majumbani: samaki, kuku na viazi, kibbe ya nyama na ngano. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Unga na moshi ndivyo vilivyomla kifua, kidogo kidogo, na hakuna aliyemwonya. Sasa mtu yule yule anaambiwa asikaribiwe hata na mshumaa.

Hata Insaf mwenyewe, Bahij alimpatia kwenye sinia. Alikuwa binti wa kupeleka kibbe ya nyumbani kwao tanurini kila Ijumaa. Masinia ya wengine yalirudi yameungua ukingo, au yamedokolewa pembeni; la kwao lilirudi limeiva vizuri, jekundu la kupendeza, na hakuna kidole kilichopita. Mama yake ndiye aliyeng'amua. "Huyu kijana wa tanuri," alisema, "ama anamcha Mungu kupita kiasi, ama anakutaka wewe." Yote mawili yalikuwa kweli.

Tanuri lile siku hizi ni duka la simu. Lililobaki liko ng'ambo ya mto, na Insaf hakuwa tayari kumwacha mgonjwa peke yake huku yeye akipanga foleni na sinia kichwani. Basi wakawa wanakula vya kuchemsha. Dengu, wali, supu, halafu dengu tena. Bahij alionja vijiko viwili vitatu akasukuma sahani.

"Chakula cha hospitali nilikiacha hospitali," alisema.

"Kula, mume wangu. Utakonda upotee ndani ya hilo shuka."

"Nikipotea utanipata. Nimefungwa mpira puani."

Alitania, lakini mifupa ya mabega yake ilizidi kuchomoza, na Insaf aliogopa. Aliogopa kweli, hofu ya kukosa usingizi. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba asipokula hatafika mbali.

Binti yao Hind, aliyeolewa Beirut, ndiye aliyeleta habari ya kikaangio cha hewa, kwa simu.

"Mama, hakina moto hata cheche. Ni umeme na feni tu."

"Feni itaivisha kibbe?"

"Itaivisha kibbe, kuku, mpaka keki. Huku Beirut watu wameacha oveni siku nyingi."

"Nyie Beirut mmeacha mengi," alijibu Insaf. Lakini kesho yake alimwomba jirani wa juu, Um Ghazwan, akae na mgonjwa, akavaa koti, akaenda dukani na sinia lake kwapani.

Umeme wa serikali Tripoli huja unapojisikia. Muda uliobaki watu huishi kwa jenereta ya mtaa, ya Abu Shakib, na kila nyumba ina ampea zake, yaani kiasi cha umeme inacholipia. Nyumba ya Insaf ilikuwa na tano. Mashine ya oksijeni, friji na taa vilishakula sehemu kubwa. Ukizidisha, breka iliyoko chini mlangoni inajikata, nyumba inakufa, nawe unashuka ngazi ukairudishe. Wenzake wakishuka huishia kumtukana Abu Shakib wakapanda. Kwa Insaf, kila ngazi ilikuwa pumzi ambayo mumewe hakuipata.

Muuzaji alikuwa kijana mmoja mpole, jina lake Raif. Alimwonyesha vikaangio viwili, kidogo na kikubwa.

"Mama, nyumbani mna ampea ngapi?"

"Tano."

"Basi chukua hiki kidogo. Hicho kikubwa kitakata umeme."

Insaf alikifungua kile kidogo, akachungulia. "Hapa sinia litaingilia wapi?"

"Si utaikata kibbe vipande, uoke vichache vichache."

"Kibbe ya vichache vichache! Mwanangu, mimi ni mke wa mwokaji. Sipikii watoto wa chekechea." Akakifungua kikubwa, akaliingiza sinia. Likaingia, likabakiza nafasi ya kupitisha kucha. Wateja wawili waliokuwa wakimtazama wakacheka, naye akawacheka pia. "Hiki."

"Mama, nimekwambia."

"Umeniambia, na nimesikia. Nikipika nitazima friji."

Kichwa kigumu alikuwa nacho tangu usichana, na mara nyingi kilimsaidia.

Siku ya kwanza alizima friji, akaingiza sinia, akawasha. Feni ikavuma, halafu giza. Mashine ya oksijeni ikapiga kelele zake za hatari. Insaf alishuka zile ngazi bila viatu, akapandisha breka, akarudi akipanda kama mwizi anayefukuzwa. Alimkuta Bahij ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili, uso wa kijivu. Alimrudisha akalala, akakaa miguuni pake akalia kwa sauti.

"Nitakirudisha dukani. Kesho."

Bahij alisubiri mpaka akapata pumzi ya kusema. "Hawatakipokea. Ulizima friji tu? Zima na televisheni, na taa zote. Jaribu tena."

"Sijaribu kitu mimi."

"Nataka kibbe," alisema Bahij, na tangu atoke hospitali hakuwa ametamka kwamba anataka chochote.

Kesho yake akamsumbua mpaka akakubali. Insaf alichomoa kila kilichochomoleka isipokuwa mashine ya oksijeni, akawasha. Feni ikavuma, ikaendelea kuvuma. Breka ikashika. Kibbe ikatoka imeiva, harufu ya nyama na samli ikajaa hadi kwenye ngazi, na Bahij akala kipande, akaomba cha pili. Siku ile Insaf alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Alimtambia Um Ghazwan: "Yule kijana wa duka alitaka kunifundisha hesabu. Mimi naijua nyumba yangu."

Wiki zikapita hivyo. Bahij alianza kupata nyama kidogo mashavuni. Kilichomshangaza daktari ni kwamba mwili uliongezeka huku kifua kikizidi kudhoofu. Hata Insaf aliona kwamba siku za kupika mumewe alichoka mno, na midomo yake iliingia weusi. Alidhani ni mafuta, akapunguza samli.

Kisha ikaja Ijumaa moja. Sinia lilikuwa ndani, feni inavuma, na Insaf akapitisha kichwa kwenye pazia amuulize kama angependa mtindi wa laban au saladi. Bahij alikuwa amelala na mpira wake puani kama kawaida. Lakini taa ndogo ya mashine ilikuwa imezimika, na kidole chake kilikuwa bado juu ya swichi.

"Bahij! Mashine imezimika!"

"Haijazimika." Alihema. "Nimeizima."

Insaf alirudi jikoni mbio, akachomoa plagi ya kikaangio, akaja akawasha mashine, akamshika uso kwa mikono yenye unga. Walikaa hivyo mpaka rangi yake ikarudi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile ya pili. Friji haikutosha, mke wangu. Friji na televisheni na taa zote hazitoshi. Nikisikia feni yako nazima. Ukifungua mlango wa kikaangio nawasha. Feni ina kelele, wewe husikii."

"Nilikuwa nakunyonga." "Ijumaa kwa Ijumaa nakunyonga, halafu nakuletea sahani. Leo nakitupa. Nakitupa kutoka roshani kikamvunje mtu kichwa."

"Usikitupe."

"Nitakitupa!"

"Insaf, nisikilize." Alipumzika kidogo. "Nimeivishia mtaa mzima. Hakuna aliyelala njaa kwa sababu nilichelewa kuwasha. Sasa nalala hapa kama gunia, unanigeuza, unanifuta. Ile saa sinia likiwa ndani, mimi pia niko kazini. Nabana pumzi, nahesabu, nalisubiri liive, kama zamani. Ukikitupa, mimi nitafanya kazi gani?"

Insaf alimfuta unga shavuni.

"Mimi ndiye niliyechagua kikubwa," alisema mwishowe.

"Ulichagua vizuri. Kidogo kisingeingiza sinia."

Alilia, na katikati ya kulia akacheka, na akamchukia kidogo kwa kumchekesha. Alifikiri kutwa nzima. Jioni akaja akaketi kitandani akiwa na shauri. Kwenye ukumbi mdogo kulikuwa na balbu iliyounganishwa na umeme wa serikali peke yake; jenereta haikuiwasha. Kutoka jikoni haikuonekana, lakini kitandani kwa Bahij ilionekana mlango ukiwa wazi.

"Kazi yako ni hii," alisema. "Ile balbu ikiwaka, uniite. Nitapika kwa umeme wa serikali tu, ambao hauna ampea za kuhesabu. Na nitasimama na mkono kwenye plagi muda wote. Ukikatika nachomoa kabla jenereta haijashika. Wewe swichi hiyo usiiguse tena. Niapie."

"Na ikiwaka alfajiri?"

"Tutakula kibbe alfajiri."

"Isipowaka wiki nzima?"

"Dengu."

Bahij akatafakari kama mtu anayepewa ajira kweli. "Mshahara?"

"Kipande cha ukingoni, kilichokauka."

Akaapa.

Kazi ile aliishika kwa moyo. Alijigeuza kitandani akalala ubavu, macho ukumbini, na balbu ikiwaka tu sauti yake ilitoka, nyembamba lakini ya mtu mwenye amri: "Insaf! Umeme!" Alimwita akiwa anafua, alimwita akiwa kwenye swala akagombezwa. Um Ghazwan akaanza kumtegemea, akichungulia kutoka ngazi ya juu akiuliza, "Fundi ameita?" kabla hajawasha mashine yake ya kufulia. Baada ya muda wakawa wanauliza na majirani wa chini. Bahij alijua, na ilimpendeza kuliko dawa zote. Midomo ikarudi rangi. Majira yote ya baridi yakapita hivyo, yeye akiita, Insaf akisimama jikoni mkono kwenye plagi mpaka mguu ufe ganzi.

Mwishoni mwa baridi, asubuhi moja, Insaf alikuwa ameshasaga nyama na ngano, ameitandaza kwenye sinia, ameichora kwa kisu, tayari kwa kuitwa. Aligeuka kuchukua samli kwenye rafu ya ukumbini, akaona balbu inawaka. Hakujua imewaka tangu saa ngapi. Mashine ya oksijeni ilikuwa ikinguruma kama siku zote, lakini kuhema kwa Bahij hakukusikika.

Alisimama hapo. Alimpa muda. Labda amepitiwa na usingizi, labda anakusanya pumzi aite.

Kwenye ngazi kukasikika viatu vya Um Ghazwan. "Insaf! Umeme upo! Mbona Fundi hajaita leo?"

"Anaita sasa hivi," alijibu Insaf.

Akarudi jikoni, akafungulia maji, akaosha mikono yake, kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye viwiko, akaikausha. Kisha akaenda chumbani.