Jumapili Moja Nyuma ya Kaunta ya Tannie Ria

Nilisafiri kwa sababu ya picha. Mume wangu, Baba Neema, aliikata gazetini miaka mingi iliyopita, akaibandika ndani ya mlango wa kabati letu: nyumba ya mawe yenye paa la bati jekundu, kibao cha baa kimening'inia mlangoni, na mlima nyuma yake. Alihudumu kwenye baa ya hoteli moja kaskazini mwa Johannesburg kwa miaka kumi na tisa, na yeye mwenyewe hakunywa. Alikuwa akisema, "Siku moja tutanunua baa ya mashambani kama hii. Ninyi mtakaa juu, mimi nitafanya kazi chini, na sitapanda teksi tena kurudi kwenu."

Ni mwaka na miezi miwili sasa tangu tumzike. Majira haya ya baridi Neema, binti yetu, aliona kwenye simu tangazo la baa inayouzwa huko jimbo la Free State. Nyumba ya mawe, vyumba vya kuishi juu. Haikuwa ile ya pichani, lakini ilifanana nayo kama ndugu wa tumbo moja.

Dada zangu wa Bukavu, mliniuliza kwa nini mjane wa kanisa anakwenda kutazama baa. Nawaandikia jibu lote kwa sababu kwenye simu huwa nasema nusu. Nilitaka nimfanyie alichokitaka. Alichoacha kingetosha, kama ningeuza pia mashine zangu za kushona na kuacha chumba changu cha kushonea cha Jules Street. Neema angehama shule. Kanisani nilisema naenda kumwona mtu. Haukuwa uongo, lakini haikuwa kweli yote.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka Malvern, mtaa wetu wa Johannesburg, na gari la shemeji Bahati, mdogo wake marehemu. Neema alibaki kwa jirani, ana mitihani. Jules Street ilikuwa bado imelala, vinyozi na wauza matairi wamefunga, robot zinabadilika nyekundu na kijani bila gari la kusimamisha. Robot ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Nilijifunga kanga mbili juu ya koti, na Bahati alinitazama akacheka.

"Shemeji, Mama Mchungaji akisikia, atasema umeuza Biblia ununue bia."

"Biblia ninayo kwenye mkoba."

"Basi utaisomea walevi."

Tulishika barabara kuu ya kwenda Durban. Tulipovuka mto Vaal jua lilikuwa limetoka, na nyasi zote pande mbili zilikuwa za njano, zenye umande ulioganda mweupe kama jivu. Sikuzoea ardhi iliyolala hivyo, bila migomba, bila mtu aliyebeba kitu. Bahati alisimulia habari za kaka yake walipokuwa watoto: kwamba Baba Neema ndiye aliyekuwa mcheshi wa nyumba, kwamba mama yao alimfukuza jikoni kwa kuchekesha watu mpaka ugali ukaungua. Nilisikiliza kama habari za mtu mwingine. Mume niliyeishi naye alirudi nyumbani, akavua viatu, akala, akageuza kiti kuelekea dirishani. Nikimwuliza jambo alijibu "mm". Mwaka wake wa mwisho, asubuhi moja, nilimwambia: "Wageni unawapa maneno, sisi unatuletea mgongo." Alisuuza kikombe chake akaenda kazini. Sikuwahi kuyaondoa maneno hayo.

Saa nne na nusu tulifika. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu mwenyeji wangu hakuomba kuandikwa. Ni barabara moja ya lami, kanisa, ghala la mahindi, na nyumba ya mawe ya rangi ya mkate ulioiva. Bati lake lilikuwa la kijani. Barazani walikaa mbwa wawili ambao hawakujisumbua kutubwekea.

Mwenye baa ni mama wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Wote wanamwita Tannie Ria. Tannie ni shangazi kwa lugha yao. Naye ni mjane. Tuliongea Kiingereza, chake na changu vyote vya kuokoteza, kwa hiyo tulielewana vizuri.

"Wewe ndiye uliyepiga simu? Kwenye simu nilidhani ni mwanamume, unaongea kwa ufupi sana."

Alitutembeza. Kaunta ya mbao nyeusi, iliyolika mahali watu wanapoweka viwiko. Pembe za swala ukutani. Moto wa kuni unaowaka kutwa. Jikoni sufuria za chuma za miguu mitatu. Juu, vyumba vinne vyenye sakafu inayolia, na dirisha moja linalotazama mlima. Nilisimama pale nikauweka mlima wa pichani juu ya mlima ule. Nitasema ukweli: niliitaka nyumba ile. Niliona mahali pa cherehani, nikaona na pazia nitakalolishona.

"Mjukuu wangu anaandika kwenye tangazo kwamba huu ni mtindo wa maisha," Tannie Ria alisema. "Sijui maana yake. Jumatatu anakuja mtu mwingine kuitazama. Lakini simwuzii yeyote kabla hajasimama nyuma ya kaunta chakula kimoja cha Jumapili. Wawili walisimama. Mmoja aliondoka kabla ya pudini."

"Mimi sinywi," nikamwambia.

"Mimi pia sinywi. Ungekuwa unakunywa ningeogopa."

Bahati alinong'ona kwa Kiswahili, "Kubali tu, shemeji. Hapa iko baridi ya kuua, lakini muzuri."

Nilikubali, tukalala vyumba vya juu. Jumapili, saa tano, milango ilifunguliwa. Ilikuwa Jumapili ya kwanza tangu mazishi ambayo sikuingia kanisani, na badala yake nilifungwa aproni. Watu walikuja na magari yenye vumbi: wakulima na wake zao, mwalimu mstaafu, familia za mji wa jirani. Wengi walikuja kwa nyama ya kondoo. Tannie Ria alishika jikoni na bomba la bia, akaniachia chupa na mazungumzo.

Kosa langu la kwanza lilionekana mara moja. Kila aliyeagiza nilimpelekea chupa ikiwa imefungwa, nikaishika mbele yake, nikasubiri. Mzee mmoja mnene, Oom Faan (oom ni mjomba kwa lugha yao), mwenye kiti chake pembeni ya moto, aliitazama chupa, akanitazama mimi.

"Mama, unaogopa itaniuma ukiifungua?"

"Kwetu Congo chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Ajue hakuna mkono mwingine uliopita."

Aliegemea kiti chake. Kisha akapaza sauti mpaka jikoni. "Ria! Miaka arobaini umekuwa ukinifungulia huko chini ya kaunta. Ulikuwa unatia nini?"

"Dawa ya kukupeleka nyumbani mapema," Tannie alijibu. "Haifanyi kazi."

Basi wote wakataka kufunguliwa mbele ya macho. Nilizunguka na kifungulio kama padri na komunyo, Mungu anisamehe. Na kila niliposimama mbele ya mtu, aliongea. Sijui ni kwa nini. Labda kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu alinieleza juu ya goti lake na daktari wa goti lake. Mwanamke mmoja aliniambia, huku akitazama chupa na si mimi, kwamba dada yake hajamjibu tangu Krismasi. Oom Faan aliniambia mwanawe yuko Australia na wajukuu wanamwogopa kwenye simu. Kila mmoja nilimpa neno, na neno lenyewe lilitakiwa liwe lake yeye, si la jirani yake. Nilikumbuka la kila mtu nilipomrudia. Saa nane nilijikuta nimeinua glasi kuelekea dirishani, nikiizungusha kutafuta alama ya kidole. Hakuna aliyenifundisha. Baba Neema alikuwa akifanya hivyo nyumbani kwa vikombe vya chai.

Saa tisa wa mwisho waliondoka. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma. Bahati alikuja na sahani ya nyama.

"Shemeji, uliona wanavyokupenda? Na kile chumba cha dirisha, utampa Neema?"

Nilimsikia. Swali lilikuwa jepesi na jibu nililijua. Lakini nilipolitafuta neno halikuwepo. Nilijisikia kama nyumba iliyohamwa. Nikamwambia, "Mm." Kisha nikageuka kuutazama mlima, na mgongo wangu ukamwelekea yeye.

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu. Hakunijia kama ndoto wala kama maono. Nilimwona kwa kuwa nilikuwa nimekaa kama yeye, nimechoka mahali pale pale alipokuwa akichoka. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikisoma hasira kwenye mgongo ule. Nilikuwa nimeifanya kazi yake kwa saa nne tu.

Nilirudi ndani. Tannie Ria alikuwa anapangusa kaunta.

"Nikuulize jambo," nilimwambia. "Ukiwa na mume wako, baada ya kufunga, mlikuwa mkiongea nini?"

Aliendelea kupangusa. "Baada ya kufunga? Hakuna. Piet alikuwa mwongeaji mzuri kuliko wote wa wilaya hii, lakini mpaka tufunge maneno yalikuwa yameshamwisha. Nikitaka kujua anawaza nini, nilikuwa nasimama karibu na Faan nisikilize anachomwambia." Alicheka kidogo. "Miaka thelathini na minne chini ya paa moja. Watu walisema, mna bahati, mko pamoja kutwa."

Nilivua aproni nikaikunja.

"Siwezi kuinunua, Tannie."

"Kazi imekushinda? Mbona umeifanya vizuri kuliko wote waliosimama hapo?"

"Nimeifanya. Ndiyo sababu. Nina mtoto mmoja nyumbani."

Alitundika kitambaa chake. Hakunisihi. Alinifungia nyama kwenye karatasi, na mkate nusu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili mikubwa. "Mume wako alitaka hii?" aliuliza.

"Alitaka kuwa karibu na sisi. Alidhani ni suala la nyumba."

Njiani kurudi Bahati hakuniuliza tena. Nilimwomba radhi kwa ule mgongo. Akasema, "Hakuna shida. Kaka alikuwa vile vile," kisha akasikia alichokisema, na tukanyamaza wote wawili mpaka mji wa Heidelberg. Ulikuwa ukimya mzuri. Nilimwomba marehemu radhi humo ndani yake, kwa yale maneno ya asubuhi ile, kwa sauti ndogo ambayo Bahati alijifanya haisikii.

Saa mbili na nusu usiku tulifika Malvern. Neema alikuwa amesharudi kutoka kwa jirani, akafungua mlango kabla sijabisha. Aliuliza kwa Kiingereza chake cha haraka, kama kawaida: tunanunua? Kukoje? Nitapata chumba changu? Nilihisi "mm" inapanda kooni. Nilivua viatu. Nilikaa kwenye kiti cha baba yake, nikakigeuza kitoke dirishani, kimwelekee yeye.

"Nimekwisha maneno, mwanangu. Sijakukasirikia. Kaa hapa karibu, tunywe chai. Yakirudi nitakuambia yote."

Alikaa. Tulikunywa. Yaliporudi nilimwambia kwamba hatununui, na kwa nini. Picha itabaki kabatini, ni yake marehemu. Nilimwambia mwisho kabisa: "Baba yako pia hakuwa ametukasirikia. Alikuwa amechoka kusikiliza watu."

Neema ana miaka kumi na sita na Kiswahili anakisikia tu. Kukisema husema hajui. Alizungusha kikombe mkononi.

"Nilifikiri ni mimi," akasema, kwa Kiswahili.

"Na mimi," nikamwambia, "nilifikiri ni mimi."