Chumvi ya Mwalimu

Mama alimvunja Baba pua kwa mwiko wa ugali, mbele yangu, jikoni kwetu Kaloleni. Damu ilimwagikia sahani za omena. Nilikuwa mtu mzima niliyekuja kuwasalimu tu, lakini nilijibanza ukutani kama mtoto.

Nyumba yetu ilizoea kipigo, ila kilitoka upande mwingine. Tulipokuwa wadogo Baba ndiye aliyepiga: kwa mkanda, kwa ngumi, kwa chochote kilichokuwa karibu, na Mama alijifuta damu akarudi kusonga ugali. Nilimchukia Baba kwa hilo, na bado kuna siku namchukia. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Mama alikuwa amekonda, macho yamemtoka, mikono haitulii, usingizi hapati, na shingo imevimba. Ukimgusa bega anakurukia.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi. Alikuwa amestaafu, lakini ualimu haukumtoka. Aliuona uvimbe akatoa jibu la kitabuni: rovu, upungufu wa madini joto, dawa yake chumvi iliyotiwa madini hayo. Akawa anamtilia chumvi kwenye uji, kwenye mchuzi, hata kwenye maji ya kunywa, akimshika taya mpaka ameze. Kadiri alivyomtilia ndivyo Mama alivyowaka.

Baada ya ile pua, ndugu zake Baba walikuja na uamuzi wao: Mama akimpiga Baba tena, anarudishwa kwao Port Victoria na ndoa imekwisha.

Hata wiki haikuisha. Siku hiyo ndugu walikuwa sebuleni. Baba alimfuata Mama mlangoni na kikombe chake cha maji ya chumvi. Mama alikipokea, akakiweka chini taratibu, kisha akamzaba kofi moja lililosikika mpaka kwa jirani. Wakamrukia. Wakamfunga kwa kamba ya kuanikia nguo, mmoja amemkalia miguu. Niliwavuta mashati, nikamuuma mmoja mkono, nikala kiwiko cha mdomo. Ghafla Mama akalegea. Nilimwekea kiganja kifuani, na moyo ulikuwa unakwenda mbio ovyo ovyo. Gari walilokuwa wameliita limpeleke Port Victoria likampeleka hospitali.

Daktari alikuwa msichana mdogo kwangu.

"Nani alifunga huyu mama?" aliuliza. Akamgeukia Baba.

"Hii si wazimu, Mzee. Hiyo tezi ya shingo inatoa homoni mingi sana. Ikifika kwa seli, seli yenyewe ndio huamua: inainoa iwe kali ama inaizima. Ile imenolewa inaingia mpaka kwa kiini, inashika jeni, jeni zingine zinafunguka, kazi inaanza. Sasa kwake imezidi, seli zimeshindwa kuizima. Moyo, misuli, kila mahali kazi haiishi. Na hiyo chumvi, kuna mtu ingemsaidia. Kwa huyu mlikuwa mnaongeza kuni."

Baba alitazama sakafu. Sikuwahi kumwona akisahihishwa, na nilifurahi, sikuficha.

Vidonge vilimtuliza Mama polepole. Uvimbe ulipungua, usingizi ukarudi. Ndugu walipokuja tena kumjulia hali, Baba aliwaambia kwa sauti yake ya darasani: "Hakuwa yeye. Ilikuwa homoni. Nimemsamehe."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Habari ya kumrudisha kwao ikafa hapo hapo. Mama alichohitaji ni kunyamaza tu, nami nilimwomba hivyo kwa macho.

Alikuwa anapakua samaki. Hakuinua kichwa.

"Hiyo mwiko, Japuonj," alisema. Maana yake mwalimu, na ndivyo alivyomwita Baba tangu ujana. "Hiyo mwiko sikatai, ilikuwa homoni. Hata sikumbuki. Lakini ile kofi ya mlangoni ilikuwa yangu. Nimekaa nayo tangu huyu akiwa mgongoni." Akanionyesha kwa kidevu.

Mama akamnyooshea Baba sahani yake, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Uliotetemeka ni wa Baba, alipoipokea.