Nadhiri ya Tumbo Tupu

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, dada yangu aligonga lango letu la mabati huko Munuki. Mkono mmoja ulishika birika la chai ya maziwa, mwingine bakuli la ligemat, yale mandazi madogo ya mviringo ambayo bila hayo Juba haiamki. Mimi nilikuwa nimeshavaa. Saa mbili nilitakiwa niwe kliniki, tumbo likiwa tupu, ili daktari apitishe kamera kooni hadi tumboni na aone kama kilichokuwa kinanitafuna kwa zaidi ya mwaka kilikuwa kidonda au saratani.

Shule yangu iliishia kidato cha pili, tulipokuwa wakimbizi Uganda. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe. Nauza vipuri vya jenereta na pampu katika soko la Malakia, na kazi hiyo humzoesha mtu kusoma maelekezo hadi ukurasa wa mwisho. Tumbo lilipoanza, nilinunua kitabu cha wauguzi kwa muuzaji wa vitabu chakavu nikasoma sura yake mara kadhaa. Kushiba baada ya tonge chache: ninayo. Kupungua uzito bila sababu: ninayo. Choo cheusi: bado. Kwa Juba nzima maumivu yote ya tumbo huitwa alsa, na alsa ina dawa moja, vile vidonge vyeupe vinavyouzwa hata kwenye maduka ya sabuni. Baba yangu alitibiwa alsa kwa maziwa mpaka siku aliyoshindwa kumeza maziwa. Alizikwa na alsa yake, na hakuna aliyewahi kuitazama. Mimi nilitaka itazamwe.

Daktari mwenye kamera alikuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi. Jumamosi alitazama matumbo, Jumapili alirudi na ndege. Aliyefika akiwa amekula alipoteza zamu, na malipo ya awali hayakurudishwa.

"Dada, nimekatazwa kula," nilimwambia langoni.

"Nani nakataza?"

"Daktari."

"Huyo Mkenya? Yeye iko na dada?"

Dada yangu ndiye aliyenilea kambini, na Kiswahili chake hakijatoka kambini hadi leo. Ni kiongozi wa akina mama kanisani. Hajazoea kukataliwa.

"Mtu mgonjwa natoka nyumbani tumbo tupu, kama mtu nafukuzwa? Watu ya Munuki itasema nini? Kunywa chai, ndugu yangu. Chai si chakula."

Hoja hiyo ilinigusa. Nilikuwa nimesoma kwamba vinywaji hupita tumboni upesi kuliko chakula. Nikaacha ligemat, nikanywa nusu kikombe, nikaondoka nikiwa na dhamiri safi.

Muuguzi wa kliniki, mama wa Kikenya mwenye miwani, alinipokea mlangoni.

"Mzee, umekula?"

"Sijakula."

"Umekunywa?"

"Chai."

"Ya rangi?"

"Ya maziwa."

"Basi umekula, mzee. Nenda nyumbani tuonane mwezi ujao."

Nilirudi kwenye kitabu. Habari ya maziwa ilikuwa mwishoni mwa sentensi ileile. Sikuwa nimeifikia.

Mwezi uliofuata nilijipanga. Nilichora tumbo kwenye boksi la vipuri, nikamkalisha dada yangu, nikamwonyesha koo, kamera na taa yake, na jinsi tone la chai ya maziwa linavyofunika kidonda ambacho daktari anakitafuta. Alielewa vizuri. Alielewa vizuri kiasi kwamba alilichukua lile boksi akaenda kuwaeleza ndugu wote hadi Juba Na Bari, anakokaa baba yetu mdogo. Jumamosi ilipofika baba mdogo alikuwa langoni kabla ya jogoo, amevaa koti, na chupa ya uji wa karanga uliopikwa na mkewe.

"Najua hutakiwi chakula," alisema. "Dada yako amenionyesha mchoro. Huu ni uji."

Hapa sharti nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu, mtu mwenye afya anaweza kukataa uji wa baba yake mdogo, akasema nimeshiba, na maisha yakaendelea. Mgonjwa hawezi. Mgonjwa akikataa kitu kutoka mkono wa mzee wa ukoo, tena asubuhi ya kwenda hospitali, amesema mbele ya watu kwamba anajua ugonjwa wake ulitoka wapi. Akifa, mazishini watu watamtazama huyo mzee. Nilimtazama baba mdogo, mtu mpole ambaye hajawahi kumdhuru hata kuku bila kuombwa. Alikuwa ameshamimina.

Nilikunywa vijiko vitatu. Nilipanga nimweleze daktari kwamba ni vitatu tu.

Safari hii muuguzi hakuuliza chochote. Alinisogelea, akashusha miwani.

"Mzee, na hiyo kwa masharubu ni nini?"

Alasiri ile nilikaa uani. Mwezi mwingine ungepita bila mtu kutazama tumboni mwangu, na mkanda wangu ulikuwa umeingia tundu nililolitoboa mwenyewe kwa msumari. Mke wangu alikuwa akichambua majani ya kunde. Yeye alikulia Kenya, mimi Uganda, na nyumbani tunaongea Kiswahili, kila mmoja akiamini kuwa cha mwenzake kina kasoro.

"Baba watoto," alisema bila kuinua kichwa, "wewe unaenda hospitali kama bwana harusi."

"Ulitaka niende vipi?"

"Kama nilivyoenda mimi."

"Ulienda lini?"

"Mwaka juzi. Ulidhani niko sokoni."

Alinieleza huku akiendelea kuchambua. Kanisani walikuja wauguzi kuwafundisha akina mama kwamba saratani ya mlango wa kizazi huja polepole, miaka na miaka, na kwamba dalili zake huonekana kabla haijawa saratani, ukikubali kuangaliwa ukiwa bado hujisikii kuumwa. Wengi waliitikia amina wakarudi nyumbani. Yeye alichukua kikapu siku ya Jumanne, akasema anaenda Konyokonyo kununua nyanya. Kliniki walimpaka siki kwenye mlango wa kizazi, siki kama hii ya kachumbari lakini iliyopunguzwa makali, wakasubiri kidogo. Palipo pazima hapabadiliki. Kwake palitokea doa jeupe. Wakamwambia haijawa saratani, ila ikiachwa inaweza kuwa, wakalichoma doa kwa kifaa cha joto siku hiyohiyo. Alipitia sokoni, akarudi.

"Ulilalamika nyanya ni chache," alisema.

Nilijaribu kukumbuka hizo nyanya, nikashindwa. Nilichokumbuka ni kingine. Katika kitabu changu, sura ya magonjwa ya wanawake, ambayo nilikuwa nimeipitia juujuu kwa sababu haikunihusu, imeandikwa kwamba baada ya kuchomwa hivyo mwanamke hutakiwa kukaa mbali na mumewe kwa wiki kadhaa, mpaka papone.

"Ile nadhiri," nilisema.

"Ndiyo, ile."

Mwaka juzi mke wangu aliniambia ameweka nadhiri ya maombi kwa wiki sita, na kwa muda huo atalala chumba cha watoto. Sikuuliza swali hata moja. Nilijivuna. Niliwasimulia wanaume wenzangu kanisani nina mke wa namna gani, na mmoja alisema kwa huzuni kwamba wa kwake haombi kabisa.

"Kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Ungeeleza watu. Ungechora."



"Na ulirudi kuangaliwa tena?"

"Walisema baada ya mwaka, nikarudi baada ya mwaka. Wiki ya Pasaka. Ulinituma vitunguu."

"Wakakuta nini?"

"Safi." Alikung'uta majani kwenye sinia. "Sasa sikiliza. Hawa watu hawaogopi daktari. Wewe waambie una nadhiri."

Mimi si mtu wa kutumia jina la Mungu kwa hila, kwa hiyo niliiweka nadhiri hiyo kwa kweli, jioni, kwa sentensi moja: Bwana, sitakula wala kunywa mpaka daktari amalize. Nilimweleza dada yangu. Hakuuliza nani amekataza. Aliweka kiganja kichwani kwangu akasema, "Kalas, ndugu yangu. Imekwisha."

Jumamosi ya zamu yangu ya tatu alikuja bila birika. Alikuja na akina mama wa kanisani waliovaa sare, wote wamefunga kuniunga mkono, nyuso zimekauka kabla jua halijatoka. Baba mdogo naye alifika mikono mitupu. Jirani alipomkaribisha chai ugani kwake, mzee alimkemea kwa sauti, akamuuliza kama anataka kuiletea nyumba hii laana. Mwendesha boda alikuwa akitafuna muwa. Dada alimwambia atafunie mbali. Katazo la daktari, lenye sababu zake zote na mchoro juu, lilikuwa limeshindwa na kikombe. Sasa mtaa mzima ulikuwa unanilinda dhidi ya kikombe hichohicho.

Kliniki walijaza benchi zote za ukumbini. Muuguzi alitazama sare, akanitazama mimi.

"Mzee, umekula?"

"Huyu?" dada alidakia. "Hata mate hajameza!"

"Mate anaruhusiwa, mama."

"Mwambie yeye. Sisi nakaza nadhiri."

Ndani walinipulizia dawa chungu kooni mpaka ulimi ukawa kama wa mtu mwingine, wakanilaza ubavu wa kushoto, wakaniwekea kitu cha kung'ata. Mpira mweusi ulipita. Ninachokumbuka ni daktari akinihimiza nipumue kwa pua, na wimbo wa akina mama ukipenya mlangoni, ubeti baada ya ubeti, ukizidi kupoteza nguvu kwa sababu ya njaa. Alikata vinyama vidogo visivyozidi punje ya mtama, akavitia kwenye chupa, akasema vitasomwa Nairobi na atakuja na majibu mwezi ujao.

Sitaandika juu ya mwezi huo. Niliuza vipuri.

Daktari aliporudi alinikalisha na mke wangu. Alisema hakuna saratani. Kulikuwa na bakteria wanaoishi tumboni, na kwa sababu wamekaa humo muda mrefu, ngozi ya ndani imeanza kubadilika, mabadiliko ambayo kwa baadhi ya watu huendelea polepole hadi yakawa kile nilichokuwa nakiogopa. Alinipa dawa za wiki mbili za kuwaua. Kisha akavua glovu.

"Baada ya mwaka nataka kuangalia tena. Usipotee, mzee. Wengi wakisikia hakuna saratani siwaoni tena."

Nilimwahidi, nikidhani ni ahadi rahisi.

Nilipofika nyumbani dada yangu alikuwa ameshatangaza ibada ya shukrani ya Jumapili. Baba mdogo alikuwa ameshanunua mbuzi kwa pesa yangu. Hapo nikaona hatari ambayo daktari, akiwa mtu wa Nairobi, hakuweza kuiona. Kanisani kwetu mtu akishasimama mbele na kushuhudia kwamba amepona, haonekani tena hospitali. Akionekana, ameukana ushuhuda wake. Kuna mzee wetu aliyeshukuru kwa kupona presha. Tangu siku hiyo anaona haya kusogelea duka la dawa. Ningeshuhudia Jumapili ile, ningerudi kwenye kamera kwa siri kama mwizi, au nisingerudi kabisa.

"Dada, tusubiri. Daktari ataangalia tena mwaka ujao."

"Kuangalia nini? Mungu naponya nusu?"

"Ameponya. Anataka kuhakikisha."

"Yeye nahakikisha kazi ya Mungu? Na wewe nakubali?"

Nilianza kueleza habari za bakteria. Mke wangu alinikanyaga mguu.

"Wifi," alisema, "mbuzi mmoja atatosha watu wale wote waliofunga?"

Dada alifikiri. "Hatoshi."

"Na mwaka ujao daktari akisema tumbo ni safi kabisa, si lazima tufanye kubwa? Ng'ombe?"

"Lazima ng'ombe."

"Akina mama watachanga sasa, halafu wachange tena?"

Dada yangu ameongoza michango ya kanisa kwa miaka mingi. Mambo ya imani angeweza kubishana nayo hadi jioni. Hili hakuhitaji kubishana.

"Mara mbili hawachangi," alisema hatimaye. "Basi mwaka kesho. Nadhiri iko naendelea?"

"Inaendelea," mke wangu alisema.

"Bila kufunga," niliongeza upesi.

Tarehe ya kurudi kwa daktari ikaandikwa kwenye kalenda ya kanisa, chini ya neno Ng'ombe, na dada akatangaza kwamba atakayenizuia kwenda atajibu kwa kamati. Sijawahi kusikia kliniki yenye utaratibu mzuri kuliko huo.

Jumatatu mimi na baba mdogo tulimrudisha mbuzi sokoni. Mwenye mbuzi alimzunguka, akambonyeza mbavu, akadai amekonda kwa siku mbili. Mbuzi hakuwa amekonda. Mimi najua kukonda kukoje. Tulibishana mpaka adhuhuri, akamchukua kwa bei pungufu, na hasara yangu ikawa pauni elfu arobaini.