Viganja vya Muuza Karanga

Muuza karanga wa mtaani kwetu hapa Kasulu hana choyo: kila mtoto anayepita humtilia punje chache kiganjani. Isipokuwa binti yangu, Josepha. Tangu muuzaji huyo asikie kuwa vipimo vya hospitali vimeonyesha karanga moja tu inaweza kumziba pumzi mtoto huyu, akimwona anamkimbilia hurudi nyuma upesi, hutua beseni, kisha humpigia makofi ya salamu ya Kiha kutoka ng'ambo ya barabara. "Mwakeye, mama! Simama hapo hapo!" Josepha naye hupiga makofi, akicheka. Sikumwomba, aliamua mwenyewe. Jumapili hauzi. Huja kanisani akinukia sabuni, na kabla ya kumbeba Josepha huninyooshea mimi viganja vyote viwili. "Nusa kwanza, mwalimu."