Shahidi wa Upande wa Pili

Shangazi yangu ni mpiga pasi, na ukimpa shati atakuambia mwenye nalo hulalia ubavu gani. Alikuwa na miaka tisa serikali ilipoamua kwamba mtaa wao, ulio karibu na kila kitu, haufai kukaliwa na watu weusi. Upande wao wa barabara ukabomolewa. Upande wa pili, wa Wazungu, haukuguswa hata ua.

Walitupwa nje ya mji, kwenye vumbi, mwendo wa saa mbili. Kwa uchungu na ukaidi, wazee wakauita mtaa wa huko na njia zake majina yale yale ya zamani, na kila nyumba ikabandikwa namba yake ya kule. Shangazi akatoka namba kumi na nne, akaingia namba kumi na nne. Waliona wamewakomoa wakubwa, kumbe wanajichimbia shimo.

Mwaka huu jiji likatangaza kuwarudishia viwanja waliofukuzwa. Fomu iliuliza ulihamishwa kutoka wapi na unaishi wapi sasa. Shangazi akaandika jibu moja mara mbili, na karani akacheka.

"Mama, mbona wewe hukuhamishwa? Ulikuwa hapo, na uko hapo hapo."

"Nilipakiwa kwenye lori, mwanangu. Hata kitanda changu kilibaki."

"Basi leta barua ya shahidi aliyekuwepo. Mwisho Ijumaa."

Shahidi gani? Wazazi wamekufa, na majirani walio hai wamekwama kwenye fomu ile ile. Waliobaki ni wa upande wa pili, na mmoja wao ndiye bosi wake. Walicheza pamoja utotoni, yeye na yule bibi. Shangazi alipokwenda kuomba kazi walitambuana, wakakumbatiana mlangoni, kisha mmoja akaketi na mwingine akaonyeshwa pasi. Ni miaka kumi na tisa sasa, na nusu ya mshahara inaliwa na nauli.

Jumatano nilimsindikiza. Mimi sikumwamini bibi yule, kwa sababu kiwanja chetu kiko mbele ya geti lake na amekifanya bustani. Lakini alimsikiliza shangazi mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga.

"Nakumbuka kila kitu," akasema. "Nitakuandikia."

Kesho yake akampa bahasha iliyofungwa. Nikasema tuifungue, shangazi akanikaripia kwamba barua ya mtu haichokonolewi. Nikajiona nina roho mbaya.

Ijumaa karani aliichana bahasha, akaisoma barua kwa sauti, foleni nzima ikisikia: "Namfahamu mama huyu kwa miaka kumi na tisa. Ni mwaminifu, msafi, hachelewi. Nampendekeza kwa kazi yoyote."

Akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Hii haisemi uliishi pale, mama."

"Sikumwomba kazi," shangazi akasema polepole. "Kazi ninayo."

Karani akamwita aliyefuata. Nilitamani kuvunja kioo cha dirisha la karani, na shangazi akanishika mkono kwa nguvu mpaka tukafika nje.

Jumatatu alfajiri nilimkuta anafunga viatu.

"Shangazi, kwa mwanamke yule huendi tena. Kaa nyumbani."

Alikaza kamba ya kiatu cha pili.

"Nyumbani wapi?" akaniuliza, na hakuwa anatania.