Pampu Mpya na Dereva wa Kijiji

Nilimsingizia mtu, na Mungu anajua. Enzi za Ujamaa, kijijini kwetu nje ya Ujiji, nilifunga pampu mpya ya petroli kwenye Landrova ya kijiji. Ikakataa kuwaka, na ndani mna mama mwenye uchungu wa kuzaa.

"Fundi, utamzalisha wewe?" mkunga akanifokea.

Nikamnyooshea dereva kidole. "Mzee huyu katia maji kwenye petroli!"

Dereva akainama kwenye injini, akaninong'oneza, "Mipira ya kuingiza na kutoa petroli umeipishanisha, mwanangu." Akairekebisha, akapampu kwa mkono, Landrova ikawaka. Mama alijifungua salama hospitali.

Yeye alinong'ona nisiaibike. Mimi, kikao cha kijiji kilipomwachisha udereva kwa neno langu, nilikaa kimya. Msomaji, kama dereva huyo, aliyehama baadaye, ni baba yako, nipeleke nikamwombe radhi.