Mtunza vipindi wa Otonglo na diski inayogonga

Saa moja jioni, runinga za mtaa wa Otonglo, Kisumu, zinapofunguliwa kwa taarifa ya habari, wateja wengi wa Celestine Nanyama hawako nyumbani kuisikia. Wauza omena, dagaa wa ziwani, bado wako kando ya barabara ya Busia na beseni zao. Mabawabu wamesimama kwenye malango ya matajiri, mtaa wa Milimani. Wauguzi wanaingia zamu.

Celestine mwenyewe yuko katika chumba cha mabati nyuma ya duka la mbolea. Ameinama, sikio moja karibu na kompyuta iliyo chini ya meza. Haangalii habari. Anasikiliza diski.

"Sikia hiyo," anasema. "Inagonga kama mtu aliyefungiwa nje. Ikianza hivyo, jua imechoka. Na mimi pia nimechoka."

Kazi yake ni kuwarekodia watu vipindi vinavyowapita wakiwa kazini. Antena juu ya paa hunasa vituo visivyolipiwa. Mteja hutaja kipindi anachokitaka, kompyuta hukirekodi na kukihifadhi kwenye diski. Nyaya na vipokezi vidogo vilivyofungwa juu ya mapaa ya ploti jirani huunganisha diski hiyo na nyumba za wateja. Kila mmoja ana sehemu yake na namba yake ya siri. Akirudi nyumbani, hufungua kwa simu au runinga akaangalia. Cha mwenziwe hakioni.

"Siuzi flashi," anasema Celestine kwa ukali kidogo. "Namshikia mtu kipindi chake aangalie kwake na watoto wake. Nikianza kuzungusha kazi za watu sokoni, nimekuwa mwizi."

Mlango unagongwa. Ni Obiero, mwendesha boda, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Nyar Bungoma! Umenishikia mechi ama ulilala?"

"Nimekushikia."

"Usiniambie matokeo!"

"Sijasema kitu. Beba tu leso."

"Yawa! Basi tumepigwa!"

Obiero anaondoka akilalamika hadi barabarani. Celestine anacheka, kisha anayasugua macho. Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, ndilo jina alilopewa hapa tangu alipofika Kisumu baada ya kusomea vifaa vya umeme. Wakati huo alikuwa akipanda mapaa kufunga antena. Siku moja aliteleza kwenye paa lililolowa mvua huko Kondele, akaumia nyonga. Hajapanda tena bila kuogopa.

Wazo la kurekodi lilitoka kwa jirani yake, Frankline Waswa, bawabu. "Nilikuwa nalinda nyumba yenye runinga kubwa kama mlango," Waswa anasema, "na mimi sioni hata goli moja. Nikamwambia Celestine, wewe uko na antena, nishikie basi."

Leo ana wateja zaidi ya sitini. Kila mmoja hulipa shilingi mia moja na hamsini kwa mwezi, akikumbuka. Kodi na stima zikishatolewa, kinachobaki ni cha unga na mboga.

Lakini si pesa zinazomnyima usingizi.

Katika mitaa hii, karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kuonekana kwenye runinga: mama aliyeimba na kwaya, mzee aliyehojiwa kuhusu mafuriko. Mtu huyo anapofariki, jamaa zake huja kwa Celestine, mara nyingine hata kabla ya mazishi, na ombi moja: usifute. Diski ikijaa, kompyuta hujifutia vipindi vya zamani. Kwa hivyo Celestine huvifunga vile vya marehemu, visiguswe.

"Hata kwetu Bungoma mtu hafutwi," anasema.

Mwaka jana alinunua diski kubwa zaidi, akaiamuru kompyuta ihamishe kila kitu. Ilihamisha, isipokuwa vilivyofungwa. Iliambiwa isiviguse, ikatii. Vipindi vya walio hai vikahamia kwenye diski mpya. Marehemu wote wakabaki kwenye ile kuukuu, na Celestine hakujua. Wateja waliendelea kuwafungua kama kawaida, kwa sababu diski zote mbili zilikuwa kwenye mtandao uleule.

Aliyegundua ni Debra Ondiek, ambaye majirani humwita Mama Sheryl. Mumewe, Mathews, alikuwa mvuvi wa Dunga. Kabla ya ugonjwa uliomuua, mwandishi wa runinga alimkuta ufuoni akamuuliza kuhusu magugumaji. Mathews alieleza jinsi yanavyokwamisha mashua, kisha akamtania mwandishi kuhusu viatu vyake vyeupe. Familia haina rekodi nyingine ya sauti yake. Kila Jumapili baada ya kanisa, Mama Sheryl huketi na watoto wakamsikiliza.

Jumapili moja mwezi huu, picha ilikwama Mathews akiwa amefungua mdomo. Mama Sheryl alifika kwa Celestine akiwa bado na nguo za kanisani.

"Nyar Bungoma, mzee amenyamaza."

"Ni mtandao tu, Mama Sheryl."

"Si mtandao. Ya jirani inacheza."

Celestine alipofungua kompyuta, aliisikia diski kuukuu ikigonga kwa mara ya kwanza, akagundua kwamba marehemu wote bado wamo humo. Alikipigia simu kituo kilichotangaza kipindi hicho. Alijibiwa kwamba hakikuhifadhiwa.

Fundi wa kompyuta mjini, Ogola, aliisikiliza diski akatikisa kichwa. Alimwambia imebakiwa na nguvu kidogo. Akamshauri anakili kwanza vipindi vilivyo vizima, na kile kibovu akiache mwisho, kwa maana kukilazimisha kunaweza kuiua diski pamoja na wote waliomo.

Celestine alilazimika kumweleza Mama Sheryl. Waliketi katika chumba hikihiki cha mabati.

"Kwa hivyo wangu akae nyuma?" Mama Sheryl aliuliza. "Na mimi ndiye nimekuja wa kwanza?"

"Nikianza na yeye, naweza kupoteza wote."

"Wote ni kina nani?"

Celestine aliwataja mmoja mmoja. Mama Sheryl aliwajua karibu wote. Wengine aliwalilia mwenyewe.

"Aol," alisema mwishowe kwa Dholuo. Nimechoka. Kisha akasimama. "Sawa. Anza na mama ya Owiti. Huyo aliwapikia wageni wangu wakati wa matanga ya mzee."

Tangu siku hiyo, Celestine ananakili vipindi vichache kila jioni, kisha anaizima diski ipoe mbele ya feni. Mama yake Owiti alivuka salama hadi diski mpya. Kwaya pia. Kila marehemu sasa anahifadhiwa mahali pawili, na hivyo ndivyo itakavyokuwa siku zote, anasema, hata ikibidi ale mboga bila mafuta.

Jioni hii amemaliza wa mwisho kati ya walio wazima. Amebaki Mathews Ondiek peke yake.

Anaweza kujaribu sasa hivi. Kidole kiko karibu na kitufe. Badala yake anaizima diski, na chumba kinatulia.

"Nimemwambia Mama Sheryl aje Jumapili na watoto," anasema. "Nitajaribu wakiwa hapa. Ikikubali, watamsikia pamoja. Ikikataa, nataka awe ameketi na watu wake. Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu."

Anavuta kiti cha pili kutoka ukutani, anakipangusa vumbi, kisha anaenda kumuuliza mwenye duka kama anaweza kumwazima benchi.